Kuzima si Kukata: Neno la Mwisho la Mtambo Likae Wapi?

Katika matumizi ya kila siku, mzungumzaji wa Kiswahili huzima taa, huzima redio, huzima rununu na huzima moto. Stima, kwa upande wake, hukatwa. Mpangaji asiyelipa haonywi kwamba stima yake itazimwa. Huambiwa itakatwa, naye huelewa papo hapo kwamba nyuma ya tamko hilo kuna ngazi, koleo na mtu wa kupanda mlingoti. Vivyo hivyo kuhusu uhai. Aliyezimia hupepewa akazinduka. Aliyekata roho huandaliwa sanda. Kitenzi cha kwanza kinaacha mlango wazi, cha pili kinaufunga.

Mwanafunzi wa semantiki angeweza kuipitia tofauti hiyo kwa aya mbili na kuendelea na mambo mengine. Hata hivyo, tangu tarakilishi zilipoanza kukabidhiwa usukani wa mitambo, tofauti hiyo imekuwa suala la uhai na mauti. Runinga iliyozimwa kwa rimoti haijakatwa. Ile taa ndogo nyekundu inayobaki ikiwaka ni ushahidi kwamba stima ingali inapita na chombo kingali kinasikiliza. Kwa runinga hapana neno, hasara yake ni senti chache mwisho wa mwezi. Lakini mashine ya kutibu saratani, ndege ya abiria, lifti na kinu cha nyuklia navyo vina hali hiyo hiyo ya kulala bila kufa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wahandisi wamelijadili kwa miongo mingi na ambalo watu wa lugha wamelinyamazia: programu iishie wapi, na waya uanzie wapi? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba palipo na nguvu inayoweza kuua, amri ya kuisimamisha haifai kuachiwa programu peke yake. Ni sharti ipite katika saketi sahili, yaani waya, swichi na fyuzi, ambayo haijui kubembelezwa.

Kwanza istilahi. Umma wa Kenya ulikizoea kitenzi 'kudhibiti' kwa maana ya kiufundi kupitia barabarani, pale kanuni za mwaka 2003, ambazo wengi huzihusisha na jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilipoyataka matatu yawe na vidhibiti mwendo na yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo ni mfano wa kutosha wa mfumo wa udhibiti. Kinapima mwendo, kinaulinganisha na kile kikomo cha 80, kisha kinaamuru injini inyimwe mafuta. Kupima, kulinganisha, kuamuru: shughuli hizo tatu tarakilishi huzifanya vizuri kuliko binadamu, tena bila kuchoka. Hakuna sababu ya kuipokonya. Tatizo liko katika shughuli ya nne, ambayo haitajwi sana, nayo ni utii. Je, kilichoamriwa kimetendeka? Na ikiwa mwenye kuamuru ndiye aliyekosea, ni nani wa kumkatalia?

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili ni cha mashine ya tiba iliyoitwa Therac-25. Iliundwa na kampuni ya serikali ya Kanada, Atomic Energy of Canada Limited, ikauzwa kwa hospitali za Kanada na Marekani mapema katika miaka ya 1980. Kazi yake ilikuwa kuangamiza uvimbe wa saratani kwa miale. Iliweza kutoa elektroni zenyewe, kwa mkondo hafifu, au kutoa eksirei. Ili kupata eksirei, mkondo wa elektroni uliongezwa takriban mara 100, ukagongeshwa bamba la chuma, na kilichopita upande wa pili kikasawazishwa kwa kichujio. Sahani ya kuzunguka ndiyo iliyoleta bamba na kichujio mahali pake eksirei zilipotakiwa, na ikaviondoa zilipotakiwa elektroni. Hatari inaonekana bila kuelezwa: mkondo mkubwa ukitoka huku bamba halipo mahali pake, mgonjwa atapigwa na kitu kilichokusudiwa kugonga chuma.

Mashine mbili zilizotangulia katika ukoo huo, Therac-6 na Therac-20, nazo zilikuwa na tarakilishi, lakini tarakilishi ilikuwa karani tu. Zilikuwa na saketi zao zenyewe za kinga, na ikiwa mambo hayakuwa sawa, umeme haukupita, liwalo na liwe, hata kama tarakilishi ilikuwa imeridhika. Waundaji wa Therac-25 waliona kwamba kinga hizo zilikuwa marudio yasiyo na haja. Programu ingehakikisha kila kitu. Nyingi katika zile saketi zikaondolewa, na sehemu za programu ya zamani zikahamishiwa katika mashine mpya kwa imani kwamba zilikuwa zimejaribiwa kwa miaka.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa 6 walipigwa na vipimo vya kupita kiasi. Mmoja wao alikuwa katika hospitali ya mjini Tyler, Texas, tarehe 21 Machi 1986. Mwendeshaji wa mashine alikuwa mzoefu na mwenye vidole vyepesi. Alipiga herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni, akagundua kosa, akapandisha kasa ya skrini, akasahihisha na kurudi chini, yote katika muda usiozidi sekunde 8. Sekunde 8 ndizo ambazo programu ilizihitaji kupanga sumaku za mashine, na katika muda huo haikutazama tena iwapo maagizo yalikuwa yamebadilishwa. Skrini ilionyesha elektroni. Mashine ilikuwa nusu huku, nusu kule. Umeme ulipofunguliwa, skrini ilitoa ujumbe wa maneno machache: Hitilafu 54. Ujumbe wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida, tena usio na maelezo, kwa hiyo mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea. Kamera na kipaza sauti vya chumba cha tiba havikuwa vikifanya kazi siku hiyo. Mgonjwa, aliyeratibiwa kupata kipimo cha radi 180 (jina la kipimo hiki halina undugu na radi ya mawingu, japo siku hiyo lingeweza kuwa nao), alikadiriwa baadaye kuwa alipata kati ya 16,500 na 25,000 katika eneo dogo mno la mwili. Alifariki miezi mitano baadaye. Kabla ya mwezi kwisha tangu ajali hiyo, mgonjwa mwingine alipatwa na yaleyale katika chumba kilekile, naye akafa.

Walipoulizwa, waundaji walijibu kwamba mashine haikuweza kumzidishia mgonjwa kipimo. Jibu hilo halikuwa uongo wa makusudi. Programu ilisema hivyo, na hapakuwa na shahidi mwingine wa kuulizwa.

Shahidi alipatikana Chicago. Katika chuo kikuu cha mji huo ilikuwapo Therac-20, ile ya zamani yenye saketi za kinga. Mwanafizikia Frank Borger alikuwa amegundua jambo la ajabu: kila kundi jipya la wanafunzi lilipoanza mafunzo, fyuzi na swichi za kujikata za mashine hiyo zilikatika mara kwa mara, hata mara tatu kwa wiki. Baada ya majuma kadhaa hali ilitulia, ikabaki shwari hadi kundi jingine lilipoingia. Habari za Tyler zilipoenea, alirudi akachunguza. Wanafunzi, kama walivyo wanafunzi popote, walikuwa wakibonyeza vitufe ovyo na kusahihisha makosa kwa namna ambazo hakuna mtaalamu angezifikiria. Lile kosa la programu lililoua Texas lilikuwamo katika Therac-20 miaka yote hiyo, wanafunzi walilikanyaga mara kwa mara, na hakuna aliyeumia. Kilichotokea ni kwamba fyuzi iliungua, mtu akanung'unika, akaweka nyingine.

Kisa hicho kidogo cha Chicago kinapaswa kusomwa polepole. Fyuzi ni uzi mwembamba wa madini unaoyeyuka mkondo ukizidi. Haina kumbukumbu wala haisomi skrini. Haifahamu tofauti ya daktari na mwanafunzi. Ujinga wake ndio ubora wake. Programu ya Therac ilikosea kwa sababu ilikuwa na imani: iliamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Fyuzi haina nafasi ya kuweka imani. Ajabu ni kwamba mafanikio yake ndiyo yaliyoiponza. Kwa kuwa ilizuia madhara kila mara, kosa halikuonekana, na kwa kuwa kosa halikuonekana, walioketi mezani kuchora mashine mpya waliona fyuzi haina kazi. Mlinzi aliyefukuza wezi usiku kucha alifutwa kazi asubuhi kwa hoja kwamba hapakuibwa kitu.

Ajali ya mwisho, ya Januari 1987 katika jimbo la Washington, ilitokana na kosa jingine kabisa. Programu ilikuwa na kihesabio kidogo ambacho thamani yoyote isiyo sifuri ilimaanisha 'kagua sahani kwanza'. Badala ya kuandikwa thamani moja isiyobadilika, kihesabio kiliongezwa moja kila kilipopitiwa. Nafasi yake ilitosha hadi 255 tu. Kila mara ya 256 kilirudi sifuri, na kwa nukta hiyo moja ukaguzi uliachwa. Mwendeshaji akibonyeza kitufe nukta hiyo hiyo, basi. Hakuna kiasi cha kujaribu mashine ambacho kingeahidi kulifichua kosa kama hilo. Hatimaye marekebisho yaliyokubaliwa hayakuwa ya programu pekee: iliongezwa saketi huru ya kukatiza miale, pamoja na njia huru ya kujua sahani iko wapi, zisizotegemea kauli ya tarakilishi. Fyuzi iliyofukuzwa ilirudi kwa jina jingine.

Hapa pana jambo ambalo mwanafasihi analifahamu kuliko mhandisi, nalo ni tofauti ya msimulizi na tukio. Skrini ni msimulizi. Husimulia kinachodaiwa kutokea, na msomaji mzoefu wa riwaya anajua kwamba wapo wasimulizi wasioaminika ambao wenyewe hawajui kwamba hawaaminiki. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilifunguka kupunguza shinikizo, kisha ikakwama bila kufunga. Katika chumba cha uendeshaji taa yake ilizimika, na wahudumu wakaamini kwamba vali imefunga. Kumbe taa hiyo haikuunganishwa na vali. Iliunganishwa na amri: ilionyesha kwamba umeme uliokuwa ukiifungua vali umeondolewa, basi. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupozea yaliendelea kumwagika huku taa ikisimulia habari njema, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Waya mmoja kutoka kwenye vali yenyewe, wenye swichi ndogo inayosukumwa na mwili wa vali, ungetoa habari ya tendo badala ya habari ya neno.

Mfano mwema haupo mbali. Mtu yeyote aliyepanda lifti katika jengo refu la Nairobi amesafiri ndani ya muungano ulioandaliwa vizuri. Tarakilishi ya lifti huamua mengi: ni ghorofa ipi ihudumiwe kwanza, mwendo uongezwe lini na upunguzwe lini, mlango usubiri kwa muda gani. Ikikosea katika hayo, abiria atachelewa au atapelekwa ghorofa asiyoitaka. Lakini kando ya tarakilishi kuna mnyororo wa swichi zilizopangwa mfululizo katika saketi moja: ya kila mlango, ya kidhibiti mwendo, ya breki ya dharura, ya kikomo cha juu na cha chini. Umeme wa kuachilia breki na kuendesha mota hutegemea mnyororo huo. Mlango mmoja usipofungika sawasawa, mnyororo umekatika, na lifti haiendi. Tarakilishi inaweza kutaka kwenda, inaweza hata kusadiki kwamba mlango umefungwa. Kutaka kwake hakuna waya.

Mnyororo huo una siri nyingine inayostahili sifa. Umeme unaopita ndio unaosema 'ni salama'. Ukimya wowote, uwe umetokana na mlango wazi, waya uliotafunwa na panya au stima iliyopotea, unasomwa kama 'simama'. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mfumo wa reli uliotumia fikra hiyo hiyo: mkondo mdogo ulipita katika pau za reli na kushikilia ishara ya 'njia nyeupe', gurudumu la gari moshi lilipozifikia pau, mkondo ulipitia kwenye gurudumu, ishara ikaangukia hatari. Pau ikivunjika, ishara inaangukia hatari vilevile. Saketi ya namna hii hukosea kwa kuchelewesha watu, haikosei kwa kuwaua. Programu, kinyume chake, aghalabu hutafsiri ukimya kuwa ridhaa. Methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu haijafika katika vyumba vingi vya kuandikia programu.

Kuna wale watakaosema kwamba visa vya miaka ya 1970 na 1980 ni ngano za kale. Jibu lao lilianguka karibu na Bishoftu, Ethiopia, tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines, safari nambari 302, ilikuwa imeondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilikaa angani dakika 6 hivi. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na kati yao 32 walikuwa Wakenya, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Miezi isiyozidi mitano kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina iyo hiyo, Boeing 737 MAX, ya kampuni ya Lion Air, ilikuwa imeanguka baharini karibu na Jakarta ikiwa na watu 189.

Ndege hizo zilikuwa na programu iliyoitwa MCAS. Kazi yake ilikuwa kuinamisha pua ya ndege kwa kusogeza bawa dogo la mkiani, iwapo pua ingeinuka kupita kiasi. Ilipata habari kutoka kwa kitambuzi kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Katika ajali zote mbili kitambuzi hicho kilitoa habari ya uongo, na programu ikainamisha pua tena na tena huku marubani wakiivuta juu. Mengi yameandikwa kuhusu kitambuzi hicho. Lakini kwa mjadala huu, palipo na uzito ni mahali ambapo programu ilikutana na swichi.

Katika kizazi kilichotangulia cha 737, rubani aliyevuta usukani nyuma dhidi ya mota ya mkiani alikuwa na swichi iliyofichika chini ya usukani huo: mvuto wenyewe ulikata umeme wa kuinamisha. Mwili wa binadamu ulikuwa sehemu ya saketi. MCAS iliruhusiwa kuipita swichi hiyo, kwa hoja kwamba isipoipita haingefanya kazi yake. Tena kulikuwa na swichi mbili za kukatia karibu na mkono wa rubani. Katika ndege za awali, moja ilikata umeme wa rubani wa mtambo na nyingine ilikata umeme wa vitufe vya rubani mwenyewe. Aliyeshuku mtambo aliweza kuukata peke yake, akabaki na vitufe vya kidole gumba kwenye usukani vya kumsaidia kurejesha pua. Katika MAX swichi zilibaki mbili, mahali palepale, lakini nyaya nyuma yake zilibadilishwa: yoyote kati ya hizo mbili ilikata vyote viwili, mtambo na vitufe. Marubani wa Addis Ababa walizikata. Kwa kuzikata walijinyima pia umeme wa vidole vyao, wakabakiwa na gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, ambalo katika mwendo mkubwa waliokuwa nao halikuzungushika. Kabla ya mwisho umeme wa mota ulirudishwa. MCAS ikazinduka. Ilikuwa imezimia tu.

Msomaji aone hapa kwamba hoja haiwi 'swichi nzuri, programu mbaya'. MAX ilikuwa na swichi. Kosa lilikuwa la mahali: swichi iliwekwa pasipotenganisha kinachoshukiwa na kinachohitajika. Kukata ni ufundi. Daktari wa upasuaji akikata mguu wa kushoto badala ya wa kulia hatasifiwa kwa kuwa alitumia kisu kikali. Ndege hizo ziliporuhusiwa kuruka tena, kuanzia mwishoni mwa 2020, programu ilikuwa imebadilishwa ilinganishe vitambuzi viwili, iiname mara moja tu kwa kila tukio, na isipewe nguvu ya kumshinda rubani anayevuta usukani. Ni marekebisho ya maana. Hata hivyo, yote matatu ni ahadi zilizoandikwa ndani ya programu.

Haifai kujificha pingamizi. Saketi sahili nazo hudanganya. Ncha za swichi huungana kwa joto zikakataa kuachana, kutu huingia, na kila fundi wa mtaani amewahi kukuta fyuzi ambayo mwenye nyumba ameibadilisha kwa kipande cha waya au msumari, kwa kuwa fyuzi halisi 'ilikuwa inasumbua'. Msumari hauungui, nyumba ndiyo huungua. Mashine yenye vikwazo vingi mno huwafundisha wafanyakazi kuvizunguka vikwazo, na swichi ya mlango iliyofungwa kwa utepe ili mashine iende ikiwa wazi ni tukio la kawaida katika karakana. Isitoshe, zipo hali ambapo kukata ndiko kunakoua: hakuna anayetaka ndege ikatwe injini angani, wala mashine ya kupumulia inyimwe stima kwa kuwa waya mmoja umelegea. Ndege za Airbus A320, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1988, huongozwa kwa tarakilishi kati ya mkono wa rubani na bawa, na zimesafirisha umati wa watu salama.

Pingamizi hizo ni za kweli, na zinapunguza eneo la hoja bila kuiondoa. Zinaonyesha kwamba waya hautoshi kuwekwa popote. Palipo na hali salama inayojulikana, yaani lifti iliyosimama, miale iliyokatika, kinu cha mahindi kilichotulia, saketi sahili ndiyo iwe na neno la mwisho na isiombe ruhusa kwa programu. Pasipo na hali salama ya kusimama, kama angani, swichi haiwezi kuwa hakimu wa mwisho wa safari, lakini ni lazima iweze kumtenga mshukiwa mmoja na kuwaacha wengine wafanye kazi. Na popote pale, taa inayomwambia binadamu kwamba jambo limetendeka iunganishwe na jambo lenyewe, isiunganishwe na amri. Viwango vya kimataifa vya usalama wa mashine vilitaka kwa miaka mingi kwamba kile kitufe chekundu chenye umbo la uyoga kikate kwa waya na viungo vya chuma. Baadaye vililegezwa vikaruhusu tarakilishi maalumu za usalama, zilizo maradufu na zinazochunguzana. Ulegezaji huo unaweza kuteteleka kiwandani ambako kuna wahandisi wa kuzikagua kila mara. Katika karakana ya watu watano ambako fundi huitwa mashine ikiharibika tu, waya ambao kila mtu anaweza kuufuata kwa macho una thamani ambayo vitabu vya viwango haviipimi.

Na hapo ndipo idara za Kiswahili zinapodaiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe. Kati ya sheria hizo mbili kuna mfanyakazi anayesimama mbele ya mashine ambayo maandishi yake ni ya Kiingereza, Kijerumani au Kichina, na akibahatika kupata mwongozo wa Kiswahili, atakuta kitenzi kimoja kikitumika kwa kila kitu: zima. Zima programu. Zima mashine. Zima kabla ya kuingiza mkono. Mtafsiri aliona ni sinonimia. Aliyeingiza mkono aliamini kwamba kilichozimwa kimekatwa, wakati mashine ilikuwa imelala ikingoja ishara.

Jitihada za kubuni istilahi hazijakosekana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na hapa Kenya wino mwingi umemwagwa katika mabishano ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Mabishano hayo ni ya nomino. Nomino ni rahisi kushindaniwa kwa kuwa mtu anaweza kuinyooshea kidole. Kinachoua katika mwongozo wa mashine ni kitenzi, nacho Kiswahili hakikihitaji kukibuni wala kukikopa. Kipo tayari katika kauli ya mama anayemwambia mtoto azime taa, na katika kauli ya mpangaji anayelalamika kwamba amekatiwa stima. Kazi ya mtafsiri ni kwenda kwa fundi wa mashine husika na kumwuliza, kwa kila kitufe, iwapo nyuma yake kuna programu inayoombwa au waya unaoachana. Kitufe cha skrini kiandikwe ZIMA. Swichi kuu ya ukutani, ile yenye nafasi ya kutiwa kufuli wakati mtu yumo ndani akisafisha, iandikwe KATA. Na fundi akishindwa kujibu ni ipi kati ya hizo mbili, mwongozo usichapishwe kwanza.